Barua ya deni la SSI: usiombe radhi kabla hujahesabu

Swali la msomaji: "Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 71, ni raia wa Marekani, anaishi peke yake kwenye nyumba ya wazee ya kodi nafuu, na hana kipato kingine ila SSI, ule msaada wa kila mwezi wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo. Hajui Kiingereza, kwa hiyo tangu 2022 jina langu limo kwenye akaunti yake ya benki ili nimlipie kodi na umeme. Mwanzoni mwa 2023 nilibadilisha kazi, akaunti yangu ikawa na matatizo, nikaelekeza mshahara wangu uingie humo humo. Juzi imekuja barua ya tarehe 8 Septemba 2025: eti mama alizidishiwa malipo ya $27,225 tangu Machi 2023 hadi Julai 2025, kwa sababu akaunti ilikuwa na zaidi ya $2,000. Mama hajala vizuri tangu niisome. Nimeanza kuandika barua ya kuwaomba watusamehe kwa kuwa hatukuijua sheria. Niimalizeje?"

Marahaba, binti yangu. Kabla ya barua, mwambie mama ale. Hakuna askari anayekuja. Mtu anayelipwa SSI hakatwi zaidi ya asilimia 10 ya kipato chake cha mwezi kufidia deni la namna hii, isipokuwa imethibitika kwamba alidanganya au alificha jambo kwa makusudi. Kwa malipo ya 2025 ya $967, hiyo ni $96.70. Inauma, ila si kufa njaa. Kwa mwendo huo deni lote lingemalizika baada ya miaka 23 na ushee. Mama yako ana miaka 71, piga hesabu mwenyewe uone kama namba ile ya ukurasa wa kwanza inastahili kumnyima mtu chakula.

Halafu hiyo barua uliyoianza, iweke pembeni. Usiimalize.

Nimewasindikiza wazee wetu kwenye ofisi hizi kwa miaka mingi, na kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko kuchelewa, kuliko hata kupoteza karatasi, ni adabu. Tumelelewa kwamba mkubwa akikulalamikia unatanguliza samahani, kujieleza baadaye. Ofisini haiko hivyo. Afisa akisoma "tunaomba mtusamehe, hatukuijua sheria", anachokiingiza kwenye faili ni kwamba mhusika anakubali alizidishiwa malipo. Amekubali miezi yote 29, amekubali na kiasi. Kumbe kwa maelezo yako mwenyewe, inawezekana kabisa mama yako hadaiwi hata nusu ya hizo pesa, na pengine hadaiwi senti.

Kuna maswali mawili hapa, na kila moja lina mlango wake. La kwanza: je, deni lipo kweli, na ni kiasi hicho? Hiyo ndiyo rufaa yenyewe, hatua yake ya kwanza ni kuomba uamuzi uangaliwe upya, na fomu yake ni SSA-561. La pili: hata kama deni lipo, je, ni haki kumlipisha mtu huyu? Hilo ni ombi la msamaha wa deni, fomu SSA-632. Unaweza kupeleka zote mbili kwa wakati mmoja, nami ningezipeleka zote mbili. Ila usizichanganye. Kwenye rufaa umaskini wa mama hauna kazi yoyote. Hata angekuwa tajiri, kama hakuzidishiwa hakuzidishiwa. Machozi yana mahali pake, na mahali pake ni fomu ya pili.

Sasa tarehe, maana hapa ndipo watu huangukia. Rufaa ina siku 60 tangu barua ikufikie, na Social Security, ofisi ya serikali inayolipa SSI, huchukulia kwamba barua imekufikia siku 5 baada ya tarehe iliyochapwa juu yake. Barua ya 8 Septemba inahesabiwa kuwa ilifika tarehe 13, na siku 60 kutoka hapo zinaishia 12 Novemba 2025. Kama kwa kweli ilichelewa zaidi ya hapo, bahasha yenye muhuri wa posta ndiyo itakayokutetea, kwa hiyo usiitupe. Msamaha wa deni hauna mwisho wa muda, unaombwa hata baada ya miaka. Lakini ipo tarehe ya tatu ambayo kwako ni muhimu kuliko zote mbili: siku 30 tangu tarehe ya barua, yaani 8 Oktoba. Ombi lolote kati ya hayo mawili likifika kabla ya hapo, hawaanzi kukata mpaka waamue. Jipe lengo la tarehe 1 Oktoba, usahau kwamba Novemba ipo.

Na angalia tena kwenye sanduku la barua. Mara nyingi barua ya deni haiji peke yake, inafuatana na nyingine inayosema malipo ya kila mwezi yatasimamishwa kwa sababu ya hiyo hiyo akaunti. Watu huziona kama barua moja iliyotumwa mara mbili, wanajibu moja tu. Ile ya kusimamisha malipo ina kipimo kikali zaidi: ukikata rufaa ndani ya siku 10 tangu uipokee, mama anaendelea kulipwa kama kawaida wakati shauri linasikilizwa. Kanuni hiyo ina mzizi wake kwenye uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1970, kesi ya Goldberg v. Kelly, uliosema mtu anayeishi kwa msaada wa serikali asikatiwe kabla hajasikilizwa. Kama barua hiyo ipo mezani kwako, acha kusoma hapa, ijaze fomu yake leo, kisha urudi.

Huenda unajiuliza wamejuaje. Hakuna aliyewachongea. Mama alipoomba SSI alitia sahihi kuruhusu Social Security kuuliza benki, na siku hizi wanauliza kwa kompyuta moja kwa moja. Kinachorudi ni salio la kila mwezi. Na hapa lazima uielewe kanuni moja vizuri, maana kesi yako yote imekaa juu yake: mali ya mtu wa SSI hupimwa mwanzo kabisa wa mwezi, dakika ya kwanza ya tarehe 1. Alichokuwa nacho tarehe 15 hakiwahusu, na alichotumia tarehe 3 hakimwokoi. Ni kama picha inayopigwa mara moja kwa mwezi. Ikipigwa wakati zaidi ya $2,000 zimo, anapoteza malipo ya mwezi mzima, hata ziada ikiwa dola kumi. (Kiwango hicho cha $2,000 hakijapanda tangu 1989. Sina la kusema juu yake linaloweza kuchapwa.)

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupata taarifa za benki za miezi yote 29, ukurasa kwa ukurasa, na kuandika salio la tarehe 1 ya kila mwezi. Ukishalipata, lichambue: kilichomo ni cha nani?

Nikuonyeshe mwezi mmoja wa mfano, namba nazitunga mimi, tarehe ni za kweli. Tuseme tarehe 1 Oktoba 2023 akaunti ilikuwa na $3,126. Afisa anaona $3,126, anaona kiwango $2,000, anaandika "amezidi", anaongeza $914 kwenye deni, kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa malipo ya SSI ya 2023. Basi, imekwisha. Lakini fungua kalenda: 1 Oktoba 2023 ilikuwa Jumapili. SSI ya tarehe 1 ikiangukia wikendi huingia siku ya kazi iliyotangulia, kwa hiyo malipo ya Oktoba yaliingia Ijumaa 29 Septemba. Hizo ni fedha za mwezi wa Oktoba zilizotangulizwa, huhesabiwa kama kipato cha Oktoba, na hazigeuki kuwa mali mpaka ukifika Novemba zikiwa bado zimebaki. Toa $914. Zinabaki $2,212. Bado amezidi. Sasa tazama mstari unaofuata: Ijumaa hiyo hiyo mwajiri wako aliingiza mshahara wako, tuseme $1,480. Toa. Zinabaki $732, na hicho ndicho kiasi ambacho mama yako angeweza kuwa nacho mwezi huo. Mwezi uliohesabiwa kama deni la $914 umefutika kwa mistari miwili.

Fanya hivyo mara 29. Chukua daftari la mistari, chora safu: tarehe, salio, SSI iliyotangulia, fedha zangu, fedha za mama. Ipo miezi itakayokataa kufutika, na hiyo usiifiche, nitakuambia pa kuipeleka.

Sheria nayo inakuruhusu kuyafanya haya, si ujanja. Kwenye akaunti ya pamoja, Social Security huanza na dhana kwamba fedha zote ni za yule anayelipwa SSI. Ni dhana tu, na kanuni namba 416.1208 imeweka wazi namna ya kuipangua. Unahitaji vitu vitatu. Maelezo ya maandishi ya mama, na yako ya kuyathibitisha: nani alikuwa akiweka fedha, nani alikuwa akitoa, zilitumikaje, na kwa nini akaunti ilikuwa ya pamoja. Kisha kumbukumbu za benki za miezi hiyo inayobishaniwa. Na cha tatu, ambacho wengi hukisahau halafu wanashindwa na kesi nzuri kabisa: lazima fedha zitenganishwe sasa. Ukiacha akaunti kama ilivyo, unamwambia afisa fedha si za mama huku ukimwachia mama uwezo wa kuzitoa kesho. Fungua akaunti yako, hamishia mshahara wako huko, hamisha fedha zako kwa kiasi ambacho daftari lako linakionyesha, na uweke karatasi ya kila muamala.

Ila usihamishe hata dola ya mama. Nimeona watoto wenye nia njema wakikomba akaunti nzima kwa hofu, kisha ofisi inauliza kwa nini mzee amegawa mali yake. Kugawa mali chini ya thamani yake kunaweza kumfungia mtu SSI hadi miezi 36. Hilo ni shimo baya kuliko mlimotoka.

Kwenye maelezo yako sema ukweli wote, pamoja na sehemu zinazokukera. Kama kuna mwezi kodi ya mama ilipungua ukaijazia kwa mshahara wako, liandike. Msaada wa makazi unaweza kupunguza malipo ya mwezi huo kidogo, haufuti mwezi mzima. Na kama ulikuwa ukimnunulia chakula, tangu 30 Septemba 2024 chakula hakihesabiwi tena kabisa. Afisa ana miamala mbele yake, akikuta kitu kimoja ulichokiruka hatasoma kilichobaki kwa jicho lile lile. Na kumbuka maelezo hayo yanatiwa sahihi kwa kiapo cha ukweli, kusema uongo humo ni kosa la jinai. Yapo maelezo mafupi yanayoandikwa kwenye fomu SSA-795. Tumia moja kwa mama, moja kwako. Mama anaweza kutoa ya kwake kwa Kiswahili. Social Security hutoa mkalimani bila malipo, na kwa jambo zito kama hili ni heri akalimani mtu baki kuliko wewe, kwa sababu wewe ni shahidi.

Ambatisha hati zako za mshahara. Ni karatasi yenye jina la mwajiri, jina lako na kiasi, na kiasi hicho kinafanana hadi senti na kilichoingia benki. Hakuna maelezo marefu yanayoshinda namba mbili zinazofanana.

Sasa jambo ambalo barua yenyewe haitakuambia. Deni lenu linaanzia Machi 2023, barua ni ya Septemba 2025. Social Security haina ruhusa ya kufufua maamuzi ya zamani itakavyo. Kwenye SSI, uamuzi unaweza kufunguliwa upya ndani ya mwaka 1 kwa sababu yoyote, ndani ya miaka 2 kwa sababu ya msingi, na zaidi ya hapo ni pale tu penye ulaghai au kosa linalokaribiana nao, yaani mtu alitoa taarifa za uongo au alificha huku akijua. Mama asiyesoma Kiingereza, aliyetoa jina la akaunti yake bila kuficha, haingii humo kirahisi. Machi hadi Agosti 2023 ni miezi 6. Mara $914, ni $5,484. Hata kama ungeshindwa kila kitu kuhusu mishahara yako, hoja hii peke yake inalishusha deni kutoka $27,225 hadi $21,741. Maafisa wengi hawaitaji kwa sababu hakuna anayewauliza. Iweke kwenye barua kama aya inayojitegemea.

Na deni ni lao kulithibitisha. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ya majimbo ya magharibi iliandika hivyo mwaka 2000 kwenye kesi ya McCarthy v. Apfel: ni juu ya ofisi kuonyesha kwamba malipo yalizidi, na yalizidi kwa kiasi gani. Kwa hiyo una haki ya kuomba nakala ya faili na mchanganuo wa mwezi kwa mwezi. Omba kwa maandishi, lakini usisubiri faili ndipo ukate rufaa. Siku hazisimami kwa sababu mtu amechelewa kutoa fotokopi.

Barua yenyewe iwe fupi kuliko unavyodhani. Nafasi ya kwenye fomu SSA-561 ni vistari vichache, andika humo "tazama barua iliyoambatishwa" na uambatishe kitu kama hiki, kwa jina la mama na sahihi ya mama:

"Sikubaliani na uamuzi wenu wa 8 Septemba 2025 kwamba nilizidishiwa $27,225. Sikubaliani na kuwepo kwa deni, wala na kiasi chake. Fedha mlizozihesabu kuwa zangu zilikuwa kwenye akaunti ya pamoja na binti yangu. Sehemu kubwa ilikuwa mshahara wake, kama inavyoonekana kwenye jedwali, taarifa za benki na hati za mshahara nilizoambatisha. Kwenye miezi iliyotiwa alama kwenye jedwali, mmehesabu kama mali malipo ya SSI yaliyoingia mapema kwa sababu tarehe 1 iliangukia wikendi au sikukuu. Fedha za binti yangu zimeshatenganishwa, ushahidi umo. Miezi ya Machi hadi Agosti 2023 iko nje ya muda ambao mnaruhusiwa kufungua uamuzi upya. Naomba nakala ya faili langu na mchanganuo wa hesabu yenu kwa kila mwezi. Naomba msikate chochote mpaka mtakapoamua."

Hakuna "naomba radhi". Hakuna "kwa unyenyekevu mkubwa". Pia hakuna matusi, ingawa najua utakuwa nayo ya kutosha ukifika mwezi wa kumi na tisa wa daftari. Andika rasimu kwa Kiswahili, mpe mtu wa kuaminika aigeuze Kiingereza, kisha msomee mama kwa Kiswahili kile kilichotafsiriwa kabla hajatia sahihi. Nimeshamwona mzee akiulizwa "uliandika nini hapa?" akakosa jibu, na shauri lililokuwa zuri likayumba.

Fomu itakuuliza mama anataka shauri liangaliwe vipi: kwa kupitia faili tu, au kwa mazungumzo. Chagua mazungumzo. Faili halina sura, na jedwali lako linaeleweka haraka zaidi ukimwekea mtu kidole kwenye mstari.

Tuje kwenye ile miezi iliyokataa kufutika. Hapo ndipo fomu SSA-632 inapofanya kazi, na hapo sasa unaruhusiwa kueleza maisha. Msamaha una masharti mawili, yote yatimie. La kwanza ni kwamba mama hakuwa na kosa katika kuzidishiwa malipo. La pili, kwamba kumlipisha kutamnyima mahitaji ya msingi au hakutakuwa haki. La pili halitakusumbua sana, mtu anayeishi kwa SSI pekee amebeba ushahidi mkononi. Jasho lako liwe kwenye la kwanza.

Watu huandika "ni kosa la ofisi". Hata likiwa ni kosa la ofisi, hilo peke yake halimwondolei mama wajibu. Wanachouliza ni kama yeye alielewa kwamba alitakiwa kuripoti, na kama aliweza. Kanuni 416.552 inawaagiza wazingatie umri, elimu, hali ya mwili na akili, na inataja kwa jina upungufu wa lugha, ikiwemo kutokujua Kiingereza. Hilo ndilo fungu lako. Lakini usiliandike kwa jumla jumla. "Mama hajui Kiingereza" ni sentensi ambayo afisa huisoma mara kumi kwa siku. Andika jambo lenyewe: barua za kila mwaka zilikuja kwa Kiingereza, nani alimsomea, alimwambia nini, kama kuna siku alikwenda ofisini na mkalimani hakuwepo, na kama kuna mtu aliwahi kumweleza kwamba fedha za mwanawe kwenye akaunti ya pamoja zinahesabiwa zake. Mtu asiye mwanasheria hangelikisia hilo, hata akiwa na shahada.

Hapa nakuuliza wewe swali lisilopendeza: je, wewe ndiye mpokeaji rasmi wa malipo kwa niaba yake, au ni jina tu kwenye akaunti? Kama uliteuliwa rasmi na Social Security kupokea fedha zake, basi wajibu wa kuripoti ulikuwa wako, Kiingereza chako ndicho kitakachopimwa, na deni linaweza kukugusa wewe pia. Kama ndivyo, tafuta mwanasheria kabla ya kujaza SSA-632. Mashirika ya msaada wa kisheria yanayofanya kesi hizi bila malipo yapo karibu kila jimbo, na mengi yanapata fedha zake kupitia Legal Services Corporation iliyoanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1974. Hata kama si wewe, kwa deni la $27,000 ningewapigia simu. Mwanasheria akikubali, mama anajaza SSA-1696 kumteua.

Upo mwanya mwingine mdogo: kama kuna mwezi ambao fedha halisi za mama zilipita $2,000 kwa $50 au pungufu, kanuni inamhesabu kuwa hana kosa kwa mwezi huo, isipokuwa kama aliacha kuripoti kwa kujua. Daftari lako litakuonyesha kama upo.

Wakielekea kukataa msamaha, lazima kwanza wampe mama nafasi ya kuzungumza na afisa, kwa simu, kwa video au ana kwa ana, na kuliona faili kabla ya siku hiyo. Mazoea hayo yanatokana na Califano v. Yamasaki, uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1979. Asikose miadi hiyo. Akishindwa kufika, apige simu kabla, si baada.

Usilipe kitu kwa sasa. Barua ina kikaratasi cha chini cha kukatwa na kurudishwa pamoja na malipo, na kikaratasi hicho kina nguvu za ajabu kwa wazee wetu. Nimewaona wakituma $50 "kuonyesha nia". Ikifika siku ambayo kuna sehemu ya deni iliyothibitika na asilimia 10 ni nzito kwake, ipo fomu SSA-634 ya kuomba akatwe kidogo zaidi. Siku hiyo bado.

Wakikataa rufaa ya kwanza, usishtuke. Huko shauri linaangaliwa na ofisi ile ile. Una siku 60 nyingine kuomba usikilizwe na hakimu wa utawala, na hapo ndipo mtu asiyewajua anapolitazama daftari lako kwa mara ya kwanza. Kesi nyingi za akaunti ya pamoja ninazozikumbuka zilitengenezewa hapo, na kila mara ni kwa karatasi zilizokusanywa mwanzoni, si kwa hotuba.

Kuhusu kupeleka: ukiweza, nenda ofisini mwenyewe na nakala mbili, wakugongee muhuri wa tarehe kwenye yako. Usipoweza kwenda, tuma kwa rejesta yenye risiti ya kurudi, na uandike namba ya risiti juu ya nakala yako. Jina la mama na namba ya barua viwe kwenye kila ukurasa, maana karatasi hutengana. Ukizungumza na mtu yeyote kwa simu, andika siku, saa na alichosema.

Anza na benki. Waombe taarifa za Februari 2023 hadi Agosti 2025, si Machi hadi Julai, kwa sababu salio la tarehe 1 Machi limejengwa na miamala ya Februari. Ukizipata, niandikie salio la tarehe 1 la miezi mitatu ya kwanza pamoja na tarehe ulizolipwa mshahara, nikusaidie kuona kama safu zako zimekaa sawa kabla hujaziendeleza.